Sabuni ya Mama Muuza Duka

Mtaani kwetu kila sabuni ya unga ni Zefa, hata ile ya pakiti nyekundu isiyo na undugu wowote na kampuni ya Zefa. Tangu bwana wa kampuni hiyo aje kumwonya mama muuza duka kwamba akiombwa Zefa akatoa nyingine atashtakiwa, mama wa watu anaishi roho juu. Huzungusha pete kidoleni, hushusha sauti, humuuliza kila mteja: “Zefa yenyewe, au sabuni tu?” Sisi tunacheka, yeye anachungulia mlangoni. Jana bwana yuleyule alikuja amevaa ndala, kabeba mtoto. “Dada, nipe Zefa. Yoyote tu.” Pete ikasimama. “Sabuni imeisha, kaka,” akajibu, na nyuma yake rafu zimejaa mpaka darini.