Dirisha Lililotazama Choo

Katika miaka ile ya ruksa, kila mtu kwenye kota zetu za Majengo alipofungua duka, na mimi nilifungua langu. Nililifungua likitazama choo.

Kama ningekosea kwa haraka, ningejisamehe. Lakini mimi nilifikiri kwanza. Nilifikiri siku nyingi, nimekaa, kikombe cha chai mkononi.

Kota zetu zilikuwa mali ya shirika la umma: safu ndefu ya nyumba zilizoshikana kuta, hata ukipiga chafya chumbani kwako, wa upande wa pili anakuitikia "afya". Mbele ilipita barabara ya vumbi ya kwenda sokoni. Nyuma kulikuwa na uwanja, bomba, kamba za nguo, na vyoo vya pamoja, vichache mno. Aliyevichora bila shaka aliamini kwamba mfanyakazi wa umma huenda haja kwa kibali cha mkuu wake wa kazi.

Nilikuwa karani wa ghala la tumbaku. Uchumi ulipofunguliwa, ghala lilifungwa, tukapunguzwa kazi. Wenzangu walilia. Mimi nilirudi nyumbani nikavua viatu. Mimi ni mtu wa ndani tangu kuzaliwa. Nikienda Ruhuwiko tu, mtaa wa hapahapa mjini, naaga watu. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyetoka asubuhi, nami jioni nilimpokea nimeshachemsha maharage. Jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mama mjane aliyepika kande za kuuza, alikuwa akipita mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika safu nzima:

"Mwali bado hajatolewa?"

"Bado, mama," namjibu. "Ngoma haijapangwa."

"Basi mwambieni asinenepe sana, mlango wenyewe mdogo."

Wakati huo kota nzima ilikuwa imeingia biashara. Watu walibomoa ukuta wa mbele chini ya dirisha, wakapigilia ubao, wakapanga chumvi, viberiti, sabuni na mafuta ya taa. Sebule zikawa maduka, wageni wakaanza kupokelewa vyumbani, wakakalishwa kitandani pamoja na nguo za kufua. Wote tuliuza vitu vilevile, na wanunuzi tulikuwa sisi wenyewe. Mtu akiishiwa chumvi jikoni, hagusi pakiti ya dukani kwake, anavuka kwenda kununua kwa jirani, na jirani naye kesho anarudisha heshima. Tuliita hali hiyo soko huria.

Mke wangu akasema hata mimi nifanye kitu. Sasa, mbele ya nyumba kulikuwa na vumbi, baridi ya Juni, na watu wa kusalimia kutwa. Nyuma kulikuwa na kiti changu. Na kutoka kwenye kiti hicho, kupitia kijidirisha cha kupitishia hewa, niliona kitu ambacho wafanyabiashara wote wa mbele hawakuwa nacho: foleni.

Msinicheke kwanza. Sisi tulikulia kwenye uhaba. Tulifundishwa na maisha kwamba ukiona foleni unajiunga, unauliza baadaye inaelekea wapi. Nimewahi kusimama nusu ya siku nikapata pea ya viatu vya mpira, vyote vya mguu wa kushoto, nikashukuru. Kwa mtu kama mimi foleni na bidhaa vilikuwa kitu kimoja. Mjini Songea foleni zote zilikuwa zimekwisha, imebaki hii ya chooni, ndefu, ya uhakika, asubuhi na jioni. Watu wamesimama, hawana la kufanya, wamefika hadi kwenye ukuta wangu. Nikasema hawa ndio wateja. Nikapanua kijidirisha kile kikawa dirisha la duka, nikaweka ubao, nikapanga mikate, sabuni na sukari.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bado hajazaliwa. Mtu anayebana tumbo hataki mkate. Aliyekwishatoka hataki kukutazama usoni. Na waliotaka mkate kweli walisema hawawezi kula kitu kilichokesha kinatazamana na mlango ule. Mikate tukaila wenyewe.

"Angalau unapata hewa," alisema jirani wa kande.

"Foleni yenyewe ni ya kande zako, mama. Ungepika vizuri nisingepata hata wa kunitazama."

"Kande zangu hazina neno. Za siku hiyohiyo hazina neno."

Ndipo mjumbe wetu akapita nyumba kwa nyumba na habari: shirika linataka kuwauzia nyumba wanaoishi humo. Tulishangilia. Akasubiri tunyamaze, akamalizia: kwanza atakuja mkaguzi, na atakayekutwa amebomoa ukuta atatolewa, nyumba apewe mwingine.

Usiku ule mke wangu hakupandisha sauti. "Tukitolewa hapa," alisema, "tunahamia kwa mama, Mpitimbi. Shamba lipo. Jembe lako nitakununulia mimi."

Kwa wengine huo ungekuwa mpango mzuri tu. Mimi nilijiona alfajiri kwenye umande, na mama mkwe amesimama nyuma yangu akitazama ninavyoshika mpini. Na zaidi ya hapo, mke wangu ndiye aliyepanda ile michungwa midogo ya uwanjani, ndiye aliyeisiliba sakafu ile kwa mikono yake. Sikupata usingizi.

Siku ya ukaguzi kota ilipendeza kwa udanganyifu. Mmoja alisogeza kabati likaziba tundu. Mwingine alitundika picha ya Familia Takatifu, kubwa kuliko ya kanisani, na ilipopigwa na upepo wa tundu Familia yote ikawa inapepea. Wa mwisho wa safu alikandika udongo asubuhi ileile na kupaka chokaa. Ukuta ulikuwa unatiririka jasho kuliko mwenye nyumba. Jirani yangu mjane hakuhangaika. Alitandika mkeka chini ya tundu lake, akakaa, akaliegemea.

"Akitaka kuuona ukuta," alisema, "aniinue."

"Na wewe je, baba?" mke wangu akaniuliza. "La nyuma unaliziba na nini?"

"Silizibi. Bwana mkubwa gani anakagua choo?" Kwa mara ya kwanza nilijiona mwenye akili kuliko wote. Ukuta wangu wa mbele ulikuwa mzima, peke yake katika safu.

Mkaguzi alifika na suti ya mtumba na tai fupi. Sasa kwetu mgeni hatoki mlangoni bila kutia kitu mdomoni. Kukataa ni kutukana nyumba. Na siku ile ukarimu wetu ulikuwa na haraka. Kila alipoinua macho atazame ukuta, aliwekewa sahani mbele yake. Nyumba ya kwanza togwa. Ya pili ugali na nguruwe. Ya tatu komoni, ile pombe yetu ya mahindi, na akamwagiwa tena kabla hajashusha kikombe. Kwa jirani yangu alipewa bakuli la kande.

"Kula, mwanangu. Kazi ya kutazama kuta inachosha."

Alikula akamaliza. Alipofika kwangu alitupa jicho moja sebuleni, akatikisa kichwa kwamba nyumba ni nzima. Mke wangu akanibana kidole kwa furaha. Kisha uso wa mkaguzi ukabadilika rangi. "Samahani, mwalimu," akamwambia mke wangu. "Nyuma ni wapi?"

Nilimtangulia chumbani mbio nikafunge kibao cha dirisha. Kibao kilikuwa kimevimba kwa mvua, hakikusogea. Nikabaki nimekaa kwenye kiti changu. Yeye alizunguka nje, foleni ikampisha kwa heshima zote, na akiwa ameshika mlango wa choo ndipo akageuka kutafuta karatasi. Tukatazamana.

Alilitazama dirisha. Akautazama ubao, sabuni, na rundo la magazeti ya zamani ya kufungia sukari. Niliona anajua. Niliona Mpitimbi, umande na mpini. Ningeweza kusema magazeti ni ya kusoma, hapa hakuna duka. Lakini yule mtu alikuwa ameshaanza kufungua mkanda.

"Karibu dukani, mzee," nikasema, nikampa magazeti, na kopo la maji, na kipande cha sabuni.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na amani kama mtu aliyetoka kuungama. Akaja hadi dirishani, akarekebisha tai.

"Mimi hapa sijaona dirisha," alisema taratibu. "Na wewe hujaona mtu."

"Sijaona hata mmoja, mzee."

Nyumba zilizobaki hakuingia. Alimwambia mjumbe kota yote ni salama, akaondoka amebana mkoba tumboni.

Jioni mke wangu alimwagilia michungwa yake akiimba. Mimi, mtu wa ndani, nilitoka hadi barabarani. Nikasimama katikati ya majirani nikasimulia jinsi nilivyoiokoa kota kwa ujasiri, nikanyoosha na mkono kuonyesha nilivyompa sabuni. Jirani yangu mjane alikuwa anaosha sufuria yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji, akasema:

"Acha kujisifu, mwali. Wewe umekaa kwenye kiti chako kama siku zote. Zilizoiokoa kota hii ni kande zangu za juzi."