Uvimbe Usio na Shingo

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa polepole.

Tangu utotoni nina vinundu mwilini, kama mama. Ni laini, haviumi. Hapa Gehandu ng'ombe akiota chunjua, baba huifunga kwa singa, unywele mrefu wa mkia, mpaka ikauke ianguke. Viwili vyangu vilivyoning'inia shingoni alivifunga hivyo hivyo, vikaanguka. Bibi akacheka, "Bado kuogeshwa dawa ya kupe tu, ndama wangu."

Baada ya mavuno, kimoja cha ndani ya paja kikaanza kukua. Kilikuwa kama punje ya hindi, kikawa kama yai, kigumu. Nikikigusa, maumivu yanashuka hadi unyayoni kama moto. Sikusema, maana pale ni mahali pa aibu. Mama ndiye aliyeniona nikichechemea nyuma ya mbuzi, akamwita baba.

Baba alikuja na singa. Akapapasa uvimbe pande zote, kama anavyopapasa kiwele. Mkono wake ukasimama.

"Huu hauna shingo," akasema. "Nifunge wapi?"

Bibi hakutania tena. Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi tukaenda hospitali ya Katesh. Daktari alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Vua suruali, mwanangu. Nimeona mapaja mengi kuliko mwenye bucha."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Aliniuliza kama vidole vya mguu vina ganzi. Vilikuwa nayo. Akatueleza kwamba vinundu vyetu huota kwenye mishipa ya fahamu, na vingi hukaa bila madhara maisha yote. Lakini kimoja kinaweza kugeuka kuwa saratani. Kinachokua haraka, kikawa kigumu na kuuma, hakingojewi.

"Hiki kimegeuka?" baba akauliza.

"Sijui, mzee. Lazima wakate kipande wakipime."

Kipande kimeshakatwa kwenye hospitali kubwa, tunasubiri majibu. Simu ya baba ikilia, sote tunamgeukia. Mama anajipapasa mikono, kinundu kimoja kimoja, akidhani simwoni.

Kama wewe au ndugu yako alikuwa na kinundu kikakua hivi, niandikie. Niambie walikuta nini, na kama mguu ulibaki bila kukatwa. Hata kama ni habari mbaya, usinifiche.