Fahali Niliyemkataa kwa Sababu ya Pembe

Kinyozi wangu aliniambia ugonjwa wa selimundu huletwa na nyama ya ng'ombe mwenye pembe zilizopinda: protini yake huzipinda chembe za damu ya mlaji. Nikaamini kabisa! Basi siku ya mahari ya mpwa wangu Boke, hapa Nyamisangura, mimi msomi wa masomo ya jioni nikamkataa fahali mnono kuliko wote mkoa mzima wa Mara, kisa pembe zake zimepinda.

“Mnataka kutupindia wajukuu?” niliwafokea wakwe.

Wakashika fimbo zao waondoke. Boke akaanza kulia. Dada wa bwana harusi, mtaalamu wa maabara, alicheka mpaka akashika ukuta.

“Shikamoo mjomba. Kasoro iko kwenye protini ya damu yetu wenyewe, na mgonjwa huirithi kwa baba na mama. Wapimeni wachumba, fahali mwacheni.”