Mikono Iliyomtangulia Rais

Kazi yangu ni kupaka watu poda, na usinicheke. Katika kituo chetu cha televisheni hakuna waziri anayekaa mbele ya kamera kabla sijamfuta jasho la paji la uso. Wakubwa nimewaona kwa karibu, kitambaa shingoni, wametulia kama watoto wanaosubiri kulishwa. Lakini ninayetaka kukusimulia si mkubwa. Ni yule mama unayemwona kwenye kiduara chini ya skrini, anayewatafsiria viziwi kwa lugha ya alama. Kazini tunamwita Mikono.

Lugha hiyo hakuipata chuoni. Mdogo wake wa kiume alizaliwa kiziwi, na Mikono ndiye aliyekuwa masikio yake dukani, hospitalini, hata siku alipokwenda kuposa. Mdogo mtu sasa ni fundi wa kuchomelea mageti, ana mke na binti wa miaka minane, naye kiziwi. Sasa huyo mtoto ndiye mwenye habari hii. Shule pekee ya viziwi mjini ilifungwa paa lilipoporomoka, wakaambiwa itakarabatiwa upesi. Upesi huo ukatimiza miaka miwili. Mtoto anashinda karakana kwa baba yake, akitazama cheche, na kile alichokuwa ameanza kusoma ameshakisahau.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Siku ya hotuba ya rais ya kila mwaka, nakala hutufikia asubuhi, Mikono huisoma wakati mimi nampaka poda. Wakalimani wengine humsubiri msemaji amalize sentensi ndipo watafsiri. Mikono, baada ya miaka kumi na tisa, alikuwa hasubiri tena. Asubiri nini? Barabara, maji, ajira kwa vijana, mshikamano, makofi. "Rais huyu, dada yangu, namtafsiri hata nikiwa nasukwa nywele," aliniambia. Mikono yake ilikuwa ikimtangulia rais sentensi nzima, na mtayarishaji wetu wa vipindi alimsifu mbele za watu: "Mama, wewe hata rais mwenyewe hakufikii!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nililisema hilo moyoni, na najuta kwamba niliishia moyoni.

Mwaka huo watu waliisubiri hotuba kwa hamu. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, hospitali zina vitanda lakini hazina dawa, na uvumi ukazagaa kwamba safari hii mzee amesikia kilio, anakuja na jipya. Hata mimi niliamini, mimi ninayejua jipya la usoni huwa ni poda tu.

Asubuhi ya hotuba nilikuwa nampaka Mikono kidevuni alipofungua ukurasa wa tisa, akanishika mkono kwa nguvu. "Soma hapa. Soma kwa sauti." Nikasoma: shule ya viziwi itafunguliwa tarehe mosi mwezi ujao. Jamani! Nilipiga ukelele mpaka fundi sauti akaja mbio. Mikono alilia, poda yote ikaharibika, nikampaka upya bila kinyongo.

Saa nane mchana rais akaanza, Mikono akimtafsiri studioni kwetu huku akimtazama kwenye skrini. Mimi nilisimama nyuma ya kamera. Barabara. Maji. Ajira kwa vijana. Alipofika ukurasa wa tatu mpiga picha akaninong'oneza, "Hii si ya mwaka jana?"

"Hebu nyamaza."

"Hata kikohozi amekirudia palepale."

Nilitaka kucheka, nikamtazama Mikono. Uso ulikuwa unang'aa, na si kwa poda yangu. Ukurasa wa nane ulikuwa haujaisha vizuri, mikono yake ikapaa: shule, viziwi, kufunguliwa, tarehe mosi, mwezi ujao. Ishara hizo nilizijua kwa kukaa naye. Alizifanya kubwa kubwa, taratibu, ili hata kizee asiyeona vizuri azishike.

Rais akanywa maji. Akafunua karatasi. "Na sasa," akasema, "nije kwenye mshikamano wetu."

We! Huo ulikuwa ukurasa wa kumi; wa tisa kauruka. Mikono ya Mikono ilibaki hewani, kama mguu wa mtu aliyedhani kuna ngazi moja zaidi. Kisha akaendelea na mshikamano mpaka mwisho.

Tulipotoka, kantini nzima ilikuwa imepigwa na bumbuwazi. Mpishi kashika mwiko, hapakui. Dereva wetu akauliza, "Yaani imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hakuna kingine?"

"Kuna mshikamano."

Hakuna aliyecheka. Ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, mteja alikuwa amekaa na povu shavuni na kinyozi kasimama na wembe, wote wanaitazama televisheni iliyokwishaanza matangazo ya sabuni. Nilitegemea matusi. Afadhali yangekuwapo matusi, kuliko kimya kile.

Mtayarishaji alipiga simu, akarudi akijikuna kisogo. Aya ile ilifutwa asubuhi ileile, nakala mpya haikutufikia. "Lakini nani kajua?" akasema. "Wanaosikia hawakutazami wewe, wasiosikia hawakumsikia yeye. Mama, funga mdomo, litapita."

"Mdomo sikuufungua mimi," Mikono akajibu.

Hapo mlinzi akaingia anahema. "Kuna watu getini, wengi, na hawasemi kitu. Mimi naogopa."

Walikuwa kama arobaini. Wameinua mikono juu, wanaitikisa viganja wazi, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Mji mzima umenuna, wenye furaha ni hao peke yao. Mbele alisimama mdogo wake, bado kavaa aproni ya kazi yenye matundu ya cheche, na binti yake kando.

"Kuna mlango wa nyuma," nikamwambia Mikono.

"Nikipita nyuma leo, tarehe mosi mtoto atapelekwa kwenye shule iliyofungwa."

Akasimama mbele yao, akawaambia. Nilielewa machache: nimekosea, hakusema, nimesema mimi. Mikono ya watu ikashuka mmoja mmoja. Mdogo wake akamkazia macho, halafu akajibu polepole, polepole kiasi kwamba hata mimi nilimfuata: "Sisi rais hatujawahi kumsikia. Barabara, maji, kazi, miaka yote hiyo umetuambia wewe."

Nikamshika Mikono kiwiko. Niliona aibu, nayo hata haikuwa yangu.

Kumbe mtoto alikuwa ananitazama mimi na mkoba wangu wa poda, hakuona shangazi yake alichosema. Bado alikuwa anatikisa viganja vyake hewani, anacheka. Shangazi yake akachuchumaa, akaishusha ile mikono midogo, akamweleza. Mtoto akafikiri kidogo. Kisha akasema kitu kwa vidole, haraka, nisikielewe.

"Anasemaje?" nikauliza.

Miaka kumi na tisa Mikono alikuwa akiyachukua maneno ya rais na kuwapelekea viziwi. Ya viziwi kumpelekea rais hakuwahi kutumwa na mtu. Akanigeukia mimi, mpaka poda, maana hakuwepo mwingine, akanitafsiria kwa sauti:

"Anasema, 'Basi shangazi, mwambie rais arudie ulichosema.'"