Fereti Wetu Alipokuwa Akijikuna

Mwanangu alipopata kazi Salala, kusini ya Omani, alihamisha kila kilicho chake chumbani isipokuwa fereti. Nyumba aliyopewa huko haikuruhusu wanyama, na ilikuwa ni kwa muda tu, akasema. Akaniachia kizimba, mfuko wa chakula na karatasi ya maelezo yenye mistari mitatu, akanibusu kichwani, akaenda zake. Gari lake lilikuwa bado halijatoka getini, fereti keshaingia ndani ya mkono wa baibui langu akatokea shingoni.

Kwa asiyemjua, fereti ni mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche, mwembamba na mrefu kama soksi iliyotiwa mchele, mwenye miguu mifupi na uso wa mtu aliyefanya kosa ambalo bado halijajulikana. Wetu alikuwa wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na macho yake kama yamepakwa wanja. Hula nyama, hulala saa nyingi, na akiamka huiba.

Mama yangu, ninayeishi naye hapa Bawshar, Maskati, kazaliwa Unguja, na kwake mnyama wa umbo lile ana jina moja tu.

"Huyu cheche," alisema, akakunja miguu juu ya kochi. "Cheche anakula kuku. Mnanifugia cheche ndani ya nyumba?"

"Si cheche, Mama. Ni fereti. Watu wanawafuga, wana mpaka madaktari wao."

"Hata cheche wa kwetu angefugwa angepata daktari."

Dada anayetusaidia kazi za nyumbani, mtu wa Tanga, alitoka jikoni, akamtazama fereti, fereti akamtazama. Akasema kwao mnyama kama yule hufukuzwa kwa mwiko. Basi siku ile ile tukakubaliana wote watatu, kwa sauti, kwamba hatumtaki. Tutamlisha kwa sababu ni amana ya mtoto, basi.

Tatizo la kwanza lilikuwa harufu. Fereti ana harufu yake, nzito kidogo, kama blanketi la sufi lililosahauliwa sandukuni. Hilo nililitatua mwenyewe, kimya kimya, na nikajiona hodari.

Tatizo la pili lilikuja joto lilipopanda na viyoyozi vikawa havizimwi. Fereti alianza kujikuna. Alikuwa akikimbia ukumbini kwa furaha zake, mara husimama ghafla kama aliyeitwa na mtu, akakaa kitako, akajikuna ubavu kwa mguu wa nyuma mpaka macho yakafumba. Hatua mbili, anajikuna tena. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, lakini wahenga hawakumwona fereti, ambaye kwa urefu wake hujipata kila mahali. Ngozi ilitoa mba mweupe, tumbo likawa jekundu.

Nilimchana kwa kitana chembamba kutafuta viroboto, sikupata hata mmoja. Mama, aliyekuwa hamtaki, alimpaka mafuta ya nazi. Fereti aliyalamba yote mpaka tumbo likamwendesha, na zulia la ukumbini likaonja kilichobaki. Dada akasema kwa anavyomwona yeye, huyu kapigwa kijicho. Mama akaona maneno hayo yana akili, akachukua chetezo cha udi akamfukiza pande zote nne za kizimba. Fereti akapiga chafya mara saba, kisha akaendelea kujikuna.

Ijumaa moja tukapata wageni. Alikuja rafiki wa Mama wa tangu utotoni, bibi mwenye heshima zake, pamoja na binti zake watatu. Nilimfungia fereti chumbani kwangu na nikahakikisha mlango umefungika. Tukakaa na kahawa na halua, mazungumzo yakakolea, na katikati ya habari za harusi ya mtu, mgeni akakaa wima.

"Jamani," alisema taratibu, "nani ananikuna mguu?"

Sote tukatazama chini. Chini ya pindo la nguo yake ulionekana mkia. Fereti, aliyetoka chumbani sijui vipi, alikuwa kajilaza, anausugua mgongo wake kwenye kifundo cha mguu wa mgeni, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa raha ambayo sijapata kuiona.

Mgeni alipanda juu ya kochi kwa wepesi wa msichana, kikombe cha kahawa mkononi, na halikumwagika hata tone. Nilimkamata fereti, nikaomba radhi, tukacheka, tukakaa tena. Lakini mwasho huambukiza kwa macho. Binti wa kwanza akajikuna kiwiko. Wa pili akajikuna shingo. Halua ilipomalizika hakukuwa na mtu mle sebuleni ambaye mkono wake umetulia, na mgeni wetu aliaga huku akijisugua bega kwenye fremu ya mlango.

Mama alifunga mlango, akanigeukia. "Kesho asubuhi daktari," alisema. "Nna aibu ya kunitosha mwaka mzima."

Tulikwenda wote watatu. Mama alisema anakuja kwa sababu hawezi kukaa nyumbani peke yake, na dada akasema lazima kizimba kishikwe na mtu. Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, Mkenya, mchangamfu. Aliposikia Kiswahili chetu alifurahi akavuta kiti.

"Karibu, nyanya, keti hapa."

Mama alikaa, akaniinamia sikioni. "Kaniita nyanya. Mimi tungule?"

"Kwao nyanya si ya mchuzi tu, ni bibi pia, Mama."

"Basi sawa," alisema, ingawa hakuonekana kuridhika.

Daktari alimgeuzageuza fereti, akampulizia manyoya kutazama ngozi, akatafuta viroboto na utitiri. Aliutazama mkia kwa makini, akasema fereti wakipata ugonjwa wa tezi huwashwa na manyoya hunyonyoka kuanzia mkiani, lakini huyu mkia wake ni mzima. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mnamwosha mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki," nilijibu kwa fahari. "Kila Jumamosi asubuhi, kwa shampuu nzuri."

Daktari alianza kuandika. Nyuma yangu dada alikohoa.

"Na mimi Jumanne," alisema. "Huyu mwenye nyumba akiwa kazini. Kwa sabuni ya vyombo, kidogo tu. Ile ya ndimu."

Nikageuka kumtazama. Daktari aliinua kalamu. "Na wewe, nyanya?"

Mama alikuwa anatazama picha ya kasuku ukutani. "Mimi simuoshi," alisema. "Mimi namfuta tu kwa marashi ya waridi. Kila siku baada ya adhuhuri. Halafu namtia udi. Hivo si kuosha, ni kumtengeneza."

Daktari aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Alipopata sauti alituelewesha. Ngozi ya fereti ina mafuta yake, na kila anapooshwa yanatoka. Ngozi inakauka, inawasha, kisha mwili unatengeneza mafuta zaidi kufidia, na harufu inazidi. "Mkisikia harufu, mnamwosha tena," alisema. "Na hiyo hewa ya kiyoyozi nayo inamkausha."

Akatuandikia: asioge kwa miezi miwili. Matandiko yafuliwe kwa sabuni isiyo na manukato. Kizimba kisogezwe mbali na kiyoyozi. Udi na marashi mwiko. Matone machache ya mafuta ya samaki kwenye chakula, kwa kiasi alichopima yeye, na tukiona manyoya yanatoka tumrudishe haraka.

"Na harufu?" Mama aliuliza.

"Harufu ni yake, nyanya. Mtazoea."

Tukarudi kwenye gari, tukaenda mpaka taa za barabarani zikatusimamisha.

"Ndio maana kila Jumanne nikimchukua namkuta kalowa chepechepe," Mama alisema.

"Na wewe hukusema kitu?"

"Ningesema vipi, na nilishasema simtaki?"

Dada alianza kucheka kwenye kiti cha nyuma, nami nikafuata, na taa ikawa kijani watu wakatupigia honi.

Mba ulipungua polepole. Katika wiki ya tatu tumbo lilirudi rangi yake, na ile harufu ikawa nyepesi kweli, kiasi cha kwamba dada alinusa kizimba mara mbili akidhani fereti katoroka.

Kisha asubuhi moja Mama aliniita kwa sauti ya hatari. Nilipofika ukumbini fereti alikuwa anaruka ovyo, mgongo kaukunja kama upinde, anarudi kinyumenyume, anagonga ukuta, anaruka tena na kutoa vijisauti vya kuku mdogo.

"Kashaharibika akili," Mama alisema. "Ni yale mafuta ya samaki."

Alichukua simu yangu, akamrekodia daktari ujumbe mrefu wenye dua ndani yake. Jibu lilikuja kabla hatujamaliza chai: hana ugonjwa wowote, nyanya, fereti akifurahi ndivyo anavyocheza.

Mama aliusikiliza ujumbe mara mbili. Kisha akainuka, akasukuma meza ndogo ya kahawa mpaka ukutani, akalikunja zulia ili fereti apate nafasi ya kucheza.