Tangazo Lililokosa Samahani

Jumatatu nilikuwa katika duka la kupiga chapa kule Ganjoni, nikingojea nakala zangu, alipoingia afisa wa mawasiliano wa chuo kikuu kimoja. Chuo chake kilikuwa kimeahirisha mahafali bila kuwaambia wazazi, nao walikuwa wakikisema mitandaoni tangu Ijumaa.

Akamsomea mama mwenye duka tangazo la kuchapwa: "Chuo kinafahamu taarifa zinazosambaa kuhusu mabadiliko ya ratiba..."

Mama akaondoa vidole kwenye kompyuta, akaviweka mapajani.

"Mwanangu, wazazi walifika hawakufika?"

"Walifika, mama."

"Wakakuta nini?"

Yule bwana akalegeza tai. "Lango limefungwa."

"Basi andika hivyo, kisha uwatake radhi. Kwetu mtu akikukosea huja mlangoni, akatoa salamu, akasema nimekosa. Haji kukwambia kwamba anafahamu taarifa."

Wakaandika upya, mistari minne tu.

"Chini tutie jina la nani?" mama akauliza.

"La chuo."

"Chuo hakina mdomo. Nani aliyesahau kuwaambia?"

Akataja jina lake mwenyewe. Mama akalichapa, akampa karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Nilikuwapo pale langoni na wazazi wenzangu, nimejifunga leso yangu mpya."

Wakubwa wa vyuo hudhani jina huchafuka kwa kukiri kosa. Mimi nilimwona afisa wao akitoka dukani, tai kaitia mfukoni, anatembea kama mtu aliyefaulu mtihani.