Mtoto wa Mjomba Ambaye Hakuzaliwa

Desemba iliyopita, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, nilivuka Sirari kwenda upande wa Kenya bila shughuli yoyote ya maana. Askari wa mpakani aliniuliza naenda kumwona nani. Nikamwambia naenda kutembea tu, naye akanitazama kama mtu anayeficha jambo. Mbele kidogo, kando ya njia, mama mmoja alikuwa anasiriba ukuta wa nyumba yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Harufu ile mbichi ilinisimamisha. Nilimwamkia, nikajidai nimechoka, nikakaa. Kumbe, ndugu yangu, nilikuwa na miaka tisa tena, matope yamenifika magotini.

Hiyo ilikuwa yapata miaka kumi na tano nyuma, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nakaa kwa bibi mzaa mama, kwenye vilima vya Tarime. Bibi alizaa mabinti watatu, hakupata mtoto wa kiume, na kwetu Wakurya nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ifungwe. Ng'ombe walioletwa mama yangu alipoolewa, bibi aliwatumia kumwoa msichana, akamwingiza nyumbani kama mke wa mwanawe. Mwana huyo hakuwapo. Si kwamba alikufa, hakuzaliwa kabisa. Lakini alikuwa na nyumba, alikuwa na mke, na watoto ambao mke huyo angezaa na mwanamume aliyechaguliwa na bibi wangekuwa watoto wake. Desturi hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Basi mimi nilikuwa na mjomba ambaye hakuzaliwa, na sikuona ajabu. Chuoni niliwasimulia wenzangu wakacheka sana, na ndipo nilipotambua kwamba kuna swali moja jepesi ambalo sikuwahi kuliuliza. Yule msichana, yeye aliulizwa?

Mke wa mjomba hakuwa mtu mzima. Labda alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Ndiye aliyenifundisha kubeba mtungi kichwani bila kuushika, na kila maji yaliponimwagikia shingoni alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi nyingine macho yake yalikuwa yamevimba, na bibi alisema ni moshi. Mwanamume ambaye bibi alimchagulia alikuwa mzee wa ukoo, mwenye kikohozi. Siku moja ya gulio, mimba ikiwa bado changa, msichana alijitwika kapu la ndizi, akavuka mpaka, hakurudi. Mwaka wa pili mwanamke mmoja mwuza chumvi alileta habari kwamba alijifungua kule, uzazi ukamuua, na mtoto, wa kike, alichukuliwa na Wakristo wenye makao ya watoto yatima. Bibi alimshukuru, akampa maziwa ya mgando, kisha akarudi kupura ulezi wake. Aliupura mpaka makapi yakawa vumbi.

Kila mwaka baada ya mavuno, akina mama wa kanisa la kijijini kwetu walikwenda kwenye makao hayo kujitolea kwa juma zima. Walisiriba kuta, walifua mablanketi, walisaga unga. Bibi hakuwa mtu wa kanisa. Mwaka huo alichukua jembe, akanishika mkono, akajiunga nao. Jirani yetu, aliyekuwa anaongoza nyimbo kanisani, alimtania njia nzima.

"Mama, wewe hujui hata wimbo mmoja. Utafanya nini kule?"

"Ukuta hausiribwi kwa nyimbo," bibi alimjibu, na jirani ndiye aliyecheka kuliko wote.

Tulitembea tangu alfajiri mpaka jua la jioni. Mpakani palikuwa na jiwe tu, mbuzi wamelala kulizunguka. Tuliambiwa kwamba sasa tuko nchi ya watu, ila watu wenyewe walitusalimu kwa Kikurya kile kile, na udongo ulikuwa mwekundu vile vile.

Sijawahi kufanya kazi kama juma lile. Kengele ililia kabla ya mwanga. Tulichimba udongo, tukaokota mavi ya ng'ombe, tukachanganya na majivu na kukanyaga kwa miguu, jirani akianzisha tenzi. Bibi aliitikia kwa maneno ya wimbo wa kupalilia ulezi, akiyavuta taratibu yafuate sauti ya tenzi. Mkuu wa makao, mama mzungu mwembamba aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alimpongeza kwa imani yake. Mchana tulishinda mtoni na mablanketi yanayonuka mkojo. Uji ulipikwa kwenye sufuria kubwa kiasi kwamba mpishi alikoroga amesimama juu ya jiwe, na mpaka leo uji wa ulezi uliochachushwa kidogo, wenye ladha ya moshi, ukinifikia puani hunifanya nitafute watoto kwa macho. Walikuwa wengi, wote wamevaa nguo zilizokatwa kwenye jora moja la bluu. Kwa mbali ungedhani ni mtoto mmoja anayekimbia kila mahali.

Mpishi alikuwa mwanamke wa upande wetu, aliyeolewa kule. Siku ya pili, wakichambua maharage, bibi alimwuliza mambo mengi ya mbali, na mwishoni lile la karibu, la mtoto wa mke wa mjomba. Mpishi alinyoosha kidevu kuelekea mtoto mmoja aliyekaa mchangani anakula kipande cha udongo.

"Huyu utambeba wewe," bibi aliniambia.

Nilimbeba siku nne. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alikuwa na tabia ya kushika sikio langu, si kulivuta, kulishika tu, kama mtu anayeshika mlango. Bila sikio hakulala. Nilifua naye mgongoni, nilichambua mboga naye mgongoni, na nilipomshusha mgongo wangu ulipata baridi. Siku ya tatu bibi alininong'oneza kwamba tukiondoka, huyu tunaondoka naye, yeye ndiye wa kuisimamisha nyumba ya mjomba. Mimi nyumba ya mjomba sikuijali. Nilikuwa nimeshapanga atalala upande gani wa ngozi yangu ya kulalia, na nani nitamkataza asimguse.

Jumamosi asubuhi, siku ya kuondoka, bibi alinawa miguu, akaingia chumbani kwa mkuu. Nilimfuata na mtoto mgongoni. Mpishi alikuja kutafsiri, maana Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kununulia chumvi. Bibi alisema amekuja kumchukua mjukuu wake. Mkuu hakukasirika hata kidogo. Uso wake ulifurahi, akasema kila siku huwaombea watoto hawa ndugu zao wapatikane. Akafungua daftari, akauliza baba wa mtoto ni nani.

"Ni mwanangu," bibi alisema.

"Yuko wapi?"

"Sikujaliwa kumzaa."

Mpishi alisita kabla ya kutafsiri. Mkuu aliweka kalamu chini, akamtazama bibi kwa huruma wanayotazamwa nayo watu waliochanganyikiwa.

"Mama, mtu ambaye hakuzaliwa hawezi kuwa baba."

Bibi alifikiri kidogo. "Asubuhi na jioni unawafundisha watoto hawa kumwita Baba mtu ambaye hawajamwona. Nimewasikia. Wanamwita, halafu uji unakuja. Mimi nimekuelewa. Wewe unashindwa wapi kunielewa?"

Mpishi alitafsiri akiangalia sakafu. Nimekaa kwenye mihadhara mingi tangu siku ile, na sijaona hoja iliyomnyamazisha msomi namna hiyo. Lakini mkuu naye hakuwa mjinga. Aliuliza jambo moja tu, kwamba kama msichana yule alikuwa na nyumba kwa bibi, kwa nini alikuja kuzalia kwa wageni.

Mpishi alilifikisha swali, bibi akainama akitazama miguu yake. Hapo mpishi aliacha kutafsiri, akasema yake, kwa Kikurya, kwa upole.

"Mama, mimi ndiye niliyemshika mkono siku ile. Alisema mtoto asirudishwe. Alisema asije naye akaozwa kwa mtu ambaye hayupo."

"Alisema kwa akili zake?"

"Kwa akili zake. Mara mbili."

Nilishika ncha za mbeleko kwa mikono yote miwili. Bibi alinifungua vidole, kimoja kimoja. "Achia, mjukuu wangu," alisema. "Mwenye mtoto ameshasema." Akampokea, akamtemea mate kidogo kifuani kwa baraka, akamkabidhi mpishi. Mtoto hakulia. Alinyoosha mkono akilitafuta sikio, akapata la mpishi.

Mama aliyekuwa anasiriba Desemba ile aliniambia makao yalifungwa baada ya Uhuru. Watoto walitawanyika, mkuu akarudi kwao. Mahali pale pamelimwa mahindi. Kwetu nako mji wa bibi ni shamba, na hakuna tena akina mama wanaovuka na majembe kwenda kufanya kazi bure. Siku hizi mpakani unaulizwa cheti. Bibi alikufa mwaka niliomaliza sekondari. Hakuoa mke mwingine, na nyumba ya mjomba ilifungwa. Yule mtoto, kama yu hai, sasa ana umri ule ule mama yake aliokuwa nao alipoingizwa kwetu. Mimi ni mtu wa kubisha, na nikibisha peke yangu huwa upande wa msichana aliyekimbia. Kila mara nashinda, na ushindi huo haujawahi kunifurahisha.

Siku ile ya kurudi akina mama waliimba njiani, lakini jirani hakumtania tena bibi. Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza cha upande wetu, bibi alichuchumaa mbele yangu, akaniambia nipande. Nilikuwa mkubwa, miguu yangu ingeburuzika. Nikamwambia naweza kutembea.

"Najua," alisema.

Akanifunga mgongoni kwa mbeleko, akanipandisha kilima chote.